Nyonyo na Moyo wa Jokofu

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya mafundi wa majokofu na walimu wa vyuo vya ufundi.)



Mwenye nyumba anunuapo jokofu huuliza mambo matatu: bei yake, ukubwa wake, na umeme litakaokula. Ni nadra sana kumsikia akiuliza habari za mafuta. Wala si ajabu, maana mafuta ya jokofu hayaonekani. Yamefungiwa ndani ya chungu cheusi cha chuma kilichoko nyuma ya jokofu, chini kabisa, ambacho mafundi hukiita kompresa na wananchi wengi hukiita mota. Kiwandani humiminwa humo mara moja tu, kiasi cha glasi moja, yaani mililita 200 au 300 hivi. Kisha chungu hicho huchomelewa kikafungika. Tangu siku hiyo mafuta hayo hutazamiwa kufanya kazi miaka 10, 15 au zaidi, bila kubadilishwa, bila kuongezwa na bila kuchujwa. Hakuna gari wala mashine ya kusaga itendewayo hivyo.

Katika miaka ya karibuni pamekuwa na juhudi kubwa za kupata mafuta ya kompresa kutokana na mimea badala ya mafuta ghafi yachimbwayo ardhini, mafuta ambayo yakimwagika hushambuliwa na vijidudu vya udongoni yakaoza na kwisha. Mtu asikiapo habari hiyo aweza kupotoka kwa njia mbili. Aweza kudhani kwamba mafuta ni mafuta, na kwamba alizeti ya jikoni au nyonyo ya dukani ikitiwa katika kompresa mambo yatakwenda. Au aweza kudhani kwamba hilo ni jambo la mataifa yenye viwanda vikubwa, lisilomhusu fundi wa Temeke wala mkulima wa Dodoma. Mawazo yote mawili yana hasara. La kwanza huua kompresa. La pili huua nafasi ya mkulima na ya fundi pia.

KAZI YA MAFUTA

Kompresa ndiyo moyo wa jokofu. Huvuta gesi baridi itokayo katika sehemu ya kugandishia, huibana mpaka ikawa ya moto, kisha huisukuma katika mabomba ya nyuma, ambako gesi hiyo hutoa joto lake na kugeuka kuwa kimiminika. Kimiminika hupenya katika kijibomba chembamba kiitwacho kapilari, ambacho tundu lake halifiki milimita moja. Kikishatoka humo hugeuka gesi tena, na katika kugeuka huko hunyang'anya chakula joto lake. Mzunguko huo huendelea usiku na mchana.

Ndani ya chungu kile, mota na pampu hukaa pamoja, navyo huoga katika mafuta yale yale. Mafuta hulainisha vyuma visisagane. Huziba nafasi ndogo iliyopo kati ya pistoni na silinda ili gesi isirudi nyuma. Hubeba joto na kulipeleka kwenye ukuta wa chungu. Hupunguza makelele. Na kwa kuwa hugusa waya za mota, hayana ruhusa ya kupitisha umeme wala ya kula rangi inayozikinga waya hizo.

Iko kazi nyingine ngumu zaidi. Kila pistoni isukumapo gesi, chembe chache za mafuta hutoroka pamoja nayo na kusafiri katika jokofu zima. Chembe hizo hapana budi zirudi, la sivyo kompresa itakauka. Kwa hiyo mafuta yale yale yanayopita kwenye vali penye joto lizidilo nyuzi 100 hutakiwa, baada ya muda mfupi tu, kupita katika baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri bila kuganda, na bila kuacha nta itakayoziba kapilari. Mtihani huo ni mzito, na mafuta ya jikoni hayawezi kuushinda.

Mkazi yeyote wa pwani anajua jinsi mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi za kipupwe. Huanza kuganda joto likishuka hadi nyuzi 24 hivi. Katika sehemu ya kugandishia yatakuwa jiwe. Alizeti hustahimili baridi zaidi, lakini nayo katika baridi ya friza hupoteza wepesi wake na kuanza kuganda. Tena mpishi yeyote amepata kuona utando wa gundi unaoshika pembeni mwa kikaango kilichotumika siku nyingi. Utando huo ni mafuta yaliyoungana na hewa kwa msaada wa joto. Ndani ya kompresa iliyofungwa vyema hewa ni chache mno, lakini joto ni la miaka mingi, na unyevu na hewa kidogo iliyosalia hutosha kuanzisha uharibifu.

Yabaki mafuta ya nyonyo, na haya yana sifa ya kweli. Hushika chuma vizuri kuliko mafuta mengi. Katika Vita Kuu ya Kwanza ndege nyingi zenye injini za kuzunguka zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Jina la Castrol, lililoanza kutumika Uingereza mwaka 1909, lilitokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo hayo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba injini za ndege zile hazikuyatunza mafuta. Ziliyatumia mara moja na kuyatema nje pamoja na moshi, na rubani aliondoka na mengine mapya kila safari. Jokofu halitemi. Tena mafuta ya nyonyo ni mazito mno. Kwa kipimo cha mnato kitumiwacho na wataalamu, kwenye joto la nyuzi 40 mafuta ya nyonyo hufikia 250 hivi, ambapo majokofu mengi ya siku hizi hutumia mafuta ya gredi 10, 7, na hata 5. Mota ndogo ya jokofu ikilazimishwa kukoroga uji mzito kama huo, itakula umeme mwingi na kuungua mapema.

Kwa hiyo fundi atakayemimina mafuta ya mbegu katika kompresa ya mteja hatakuwa ametunza mazingira. Atakuwa ameua chombo ambacho familia ilikinunua kwa akiba ya miezi mingi.

NDOA YA GESI NA MAFUTA

Ili kuelewa mahali pa mimea katika jambo hili, yapasa kutazama kidogo historia. Mafuta ya jokofu hayachaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na gesi, mithili ya mume na mke, na gesi ikibadilika mafuta nayo hutikisika.

Majokofu ya kwanza ya nyumbani yalitumia gesi za hatari, kama vile dioksidi ya salfa. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani walipata gesi iliyokuja kuitwa R12. Haikuwaka wala haikunuka, nayo ilichanganyika vizuri na mafuta ya madini, yaani yale yasafishwayo kutokana na mafuta ghafi. Hata klorini iliyokuwamo ndani yake ilisaidia kazi, kwa kujenga utando mwembamba juu ya chuma. Ndoa hiyo ilidumu miaka 60 hivi.

Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini ya gesi za aina hiyo ingepanda juu sana angani na kuharibu tabaka la ozoni linaloukinga ulimwengu na mionzi mikali ya jua. Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi tarehe 16 Septemba, 1987, na nchi zinazoendelea zilipewa mpaka mwaka 2010 kuachana na gesi hizo. Mahali pa R12 pakashikwa na R134a, isiyo na klorini.

Hapo ndipo mafuta yalipozusha matata. R134a haichanganyiki na mafuta ya madini. Mafuta yaliyotoroka kwenye kompresa yalikaa katika mabomba ya baridi yasirudi. Viwanda vikalazimika kutafuta mafuta mapya, na yaliyopatikana ni ya jamii ya esta. Esta ni kitu kinachozaliwa asidi inapoungana na alkoholi. Na hapa yafaa fundi asikilize kwa makini, maana mafuta yote ya mbegu, kuanzia nazi na alizeti hadi ufuta na nyonyo, nayo ni esta. Mimea imekuwa ikizitengeneza tangu zamani za kale. Viwanda vilichokifanya ni kuitazama kazi ya mmea, kuona mahali ilipo dhaifu, na kuirekebisha.

MAREKEBISHO YENYEWE

Udhaifu wa mafuta ya mbegu uko mahali pawili. Kwanza, alkoholi inayoshikilia asidi zake ni gliserini, na gliserini ina kiungo kimoja kinachoachia upesi joto linapozidi. Pili, asidi zenyewe ni ndefu mno, au zina maungio yanayopenda kushikana na hewa.

Wakemia huondoa gliserini na kuweka alkoholi nyingine isiyo na kiungo hicho dhaifu. Itumikayo sana ni ile iitwayo pentaeritritoli. Kisha huondoa zile asidi ndefu na kuweka fupi, zinazostahimili baridi bila kuganda. Mafuta yanayopatikana huwa mepesi na safi, huvumilia joto na baridi, na hushika chuma vizuri kwa sababu esta ina upande unaovutwa na chuma.

Je, asidi hizo fupi hutoka wapi? Baadhi hutoka katika petroli. Lakini moja iliyo muhimu, yenye kaboni 7 na iitwayo asidi ya heptanoiki, hutoka katika nyonyo. Mafuta ya nyonyo yana asidi ya pekee, asidi ya risinoleiki, ambayo ni karibu sehemu 9 katika kila 10 za asidi zake zote. Ikishatayarishwa na kupitishwa katika joto kali, asidi hiyo hukatika mahali pamoja na kutoa vipande viwili. Kipande cha kaboni 11 huenda kutengenezewa nailoni ngumu inayotumika, pamoja na kazi nyingine, katika mabomba ya breki za upepo za malori. Kipande cha kaboni 7 hugeuzwa asidi inayoingia katika vilainishi vya injini za ndege na vya kompresa za majokofu. Kazi hiyo imekuwa ikifanyika mjini Marseille, Ufaransa, tangu miaka ya 1950, kwa kutumia mafuta ya nyonyo yatokayo ng'ambo, hasa India, ambako jimbo la Gujarat ndilo linaloongoza ulimwenguni kwa zao hilo.

Kwa hiyo jokofu la R134a lililoko katika duka la soda mjini Tanga huenda likawa tayari lina kipande cha nyonyo moyoni mwake, bila ya mwenye duka wala fundi kujua.

Ukweli nao uelezwe wote. Mafuta hayo si ya mimea mia kwa mia, kwa kuwa ile pentaeritritoli kwa kawaida hutokana na gesi na petroli. Tena asidi zilizonyooka, kama ile ya nyonyo, huoza upesi kuliko zile zenye matawi, ambazo nazo hutumika sana. Neno "esta" likiandikwa juu ya kopo si ushahidi kwamba kilichomo kimetoka shambani, wala kwamba kitaoza upesi.

HALI YA SASA

Gesi ya R134a nayo ilionekana kuwa na dosari. Haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikivuja angani hunasa joto, kwa muda wa miaka 100, kuliko kilo 1,000 za kaboni dioksidi. Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua. Lakini njia nyingine ilikwisha kuonekana mapema. Mwaka 1993 kiwanda kimoja cha Ujerumani, kwa kuhimizwa na shirika la Greenpeace, kilianza kuuza majokofu yaliyotumia gesi za jamii moja na gesi ya kupikia. Leo isobutani, yaani R600a, imeenea katika majokofu mengi mapya ya nyumbani.

Isobutani hupatana vizuri na mafuta ya madini, na hapo mafuta hayo ya zamani yalirudishiwa kiti chake. Ni rahisi na yanapatikana. Basi mafuta yatokanayo na mimea yana hoja gani ya kuyaondoa tena?

Yana hoja tatu. Ya kwanza ni umeme. Isobutani huyeyuka katika mafuta na kuyafanya mepesi zaidi, na wahandisi wanapenda mafuta mepesi ili mota isihangaike. Lakini mafuta yakiwa mepesi mno, chuma hukutana na chuma. Esta, kwa kuwa hushika chuma, huweza kubaki juu yake pale ambapo mafuta ya madini yamekwisha kuteleza na kwenda zake. Ya pili ni kwamba mali ghafi yake huota tena kila msimu. Ya tatu ni udongo, na hiyo yastahili kuelezwa peke yake.

UDONGO WA NYUMA YA KARAKANA

Glasi moja ya mafuta ni kitu kidogo. Lakini majokofu 1,000 yenye mililita 250 kila moja yana lita 250, ambazo hujaza pipa la lita 200 na kubakiza. Jokofu halifi mikononi mwa mwenye kiwanda. Hufa mikononi mwa fundi wa mtaani au mnunuzi wa vyuma chakavu. Kompresa inapokatwa ili shaba yake itolewe, mafuta yake humwagwa yalipoangukia, na mvua hufanya yaliyobaki.

Mafuta ya madini hukaa udongoni muda mrefu. Kitu kikitaka kuitwa chenye kuoza upesi kwa kipimo kikubalikacho kimataifa, hutiwa pamoja na vijidudu, na katika siku 28 lazima asilimia 60 yake kwa uchache iwe imegeuka kaboni dioksidi. Mafuta mengi ya mbegu, na esta nyingi zenye asidi zilizonyooka, hushinda mtihani huo. Mafuta ya madini kwa kawaida hushindwa.

Hata hivyo kuoza si ruhusa ya kumwaga. Mafuta yaliyokaa miaka 15 katika kompresa hayawi tena kama yalivyotoka kwenye kopo. Yamebeba unga wa chuma na shaba, asidi, na mabaki ya waya zilizoungua. Yaliyotoka katika jokofu la isobutani huwa bado yana gesi iliyoyeyuka ndani yake, nayo huendelea kutoka polepole, na gesi hiyo huwaka. Fundi awashaye mtungi wa kuchomelea karibu na sufuria ya mafuta hayo anacheza na maisha yake. Mafuta, yawe ya mimea au ya madini, hukusanywa katika chombo chenye kifuniko, mahali penye hewa, mbali na moto.

Pana jambo jingine ambalo fundi hana budi kulishika. Esta hupenda maji. Kopo la esta likiachwa wazi katika hewa ya Dar es Salaam au Mombasa hunywa unyevu kwa muda mfupi. Likiwa jipya, unyevu wake hutakiwa usizidi sehemu 50 katika milioni. Likiachwa wazi, huweza kufikia zaidi ya 1,000. Unyevu huo ukiingia katika kompresa, kwa msaada wa joto esta hurudi ilikotoka, yaani huwa asidi na alkoholi tena. Asidi hula shaba ya mabomba na kuibandika juu ya chuma, mpaka pistoni inakwama. Mafuta yatokanayo na mimea hayamsamehe fundi mzembe. Humtaka afungue kopo dakika ya mwisho, alifunge mara moja, abadilishe kichujio cha kukaushia, na atumie pampu ya kuondolea hewa kwa muda wa kutosha badala ya kusukumia hewa nje kwa gesi.

Na asibahatishe. Lebo iliyobandikwa kwenye kompresa hutaja gesi yake. Jokofu la R134a likitiwa mafuta ya madini, mafuta hayatarudi kwenye kompresa. Jokofu la R600a litiwe mafuta aliyoyataja mtengenezaji, wala si yale yaliyobaki kwenye kopo la jana.

UPANDE WA MKULIMA

Mbarika ni mmea wa asili ya pande hizi za Afrika. Huota wenyewe kandokando ya njia, kwenye majalala na nyuma ya nyumba. Wazee waliyajua mafuta yake kwa ngozi, kwa nywele na kwa tumbo lililofunga. Mbegu yake hutoa mafuta kiasi cha asilimia 40 hadi 55 ya uzito wake. Hapo zamani Tanganyika, na baadaye Tanzania, iliuza nyonyo nyingi ng'ambo. Ziliondoka zikiwa mbegu, katika magunia.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Kati ya gunia la nyonyo na kopo la mafuta ya jokofu pana hatua tano au sita: kukamua, kusafisha, kukata ile asidi kwa joto, kuunganisha esta, kukausha, na kupima. Katika kila hatua thamani huongezeka. Mwenye gunia hupata malipo ya hatua ya kwanza tu, kisha hununua kopo kwa bei iliyojumlisha hatua zote.

Lakini mkulima asidanganywe tena. Katika miaka ya 2000 palitokea shamrashamra za mbono kaburi, ambao ni mmea mwingine kabisa ingawa majina yake na ya mbarika huchanganywa. Ilisemwa kwamba mafuta yake yataendesha magari, na kwamba mmea huo hautaki maji wala ardhi nzuri. Katika wilaya kadhaa, zikiwemo Kisarawe na Kilwa, maelfu ya hekta yalitolewa kwa ajili hiyo. Miradi hiyo ilianguka kabla ya kufikia ahadi zake, na vijiji vikabaki na madai ya ardhi. Mmea haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kupanda kabla ya kujua ni nani atakayenunua, kwa bei gani, na mavuno yatakuwa kiasi gani.

Nyonyo nazo zina masharti yake. Mbegu ina sumu kali iitwayo risini. Sumu hiyo haiendi na mafuta yakikamuliwa vizuri, bali hubaki katika mashudu. Mashudu ya nyonyo si chakula cha mifugo kama ya alizeti au ya pamba, isipokuwa yametayarishwa maalumu kuondoa sumu. Kijiji kitakachoanzisha mashine ya kukamua nyonyo lazima kilijue hilo kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Aidha, soko la mafuta ya majokofu peke yake ni dogo, kwa kuwa kila jokofu lataka glasi moja kwa miaka 15. Halitoshi kulisha mkoa mzima wa wakulima. Faida huja pale ambapo nyonyo hizo hizo huingia pia katika sabuni, rangi, nailoni, dawa na vilainishi vya mashine nyingine.

LINALOWEZEKANA

Basi lipi lifanyike? Kiwanda cha kukata asidi ya nyonyo hakijengwi kwa hotuba, na atakayeahidi hicho kwa mwaka ujao asiaminiwe. Lakini yapo ya kuanza nayo. Vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA, vyaweza kumfundisha kila kijana wa majokofu habari za mafuta kwa uzito ule ule wa habari za gesi: kusoma lebo, kutunza kopo, kukausha mfumo, na kukusanya mafuta machafu. Karakana kumi za mtaa mmoja zaweza kuwa na pipa moja la mafuta machafu na kulipeleka kwa wanaoruhusiwa kuyapokea. Hilo halihitaji utaalamu wa ng'ambo.

Idara za kemia za vyuo vikuu, na TIRDO iliyoundwa mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda, zina kazi inayozifaa: kupima nyonyo za mikoa mbalimbali, kiasi cha mafuta yake, asidi yake, na unyevu wake. Mnunuzi wa kiwandani huuliza vipimo hivyo kabla ya kuuliza bei. Mkulima asiye na vipimo huuza kwa bei ya kukisia, na bei ya kukisia haijapata kumfaa mkulima. Kukamua na kusafisha mafuta ya nyonyo mpaka yafikie daraja la viwanda ni hatua iliyo karibu, na ndiyo inayopaswa kutangulia nyingine zote.

Mwenye nyumba naye ana sehemu yake. Jokofu lake likiharibika, amwulize fundi: ni gesi gani, ni mafuta gani, na ya zamani yatakwenda wapi? Maswali hayo matatu hayana gharama. Fundi aliyefundishwa atafurahi kuulizwa. Asiyejua atakwenda kujifunza ili asiaibike mara ya pili.

Mmea umekwisha kufanya kazi yake. Umeunganisha jua, udongo na maji, na kutoa mafuta ambayo wakemia wa mataifa makubwa wameyatumia kama mali ghafi na kama mfano wa kuiga. Yaliyobaki ni maarifa ya mikono: mkono wa mkulima utakaochagua mbegu, mkono wa mkemia utakaopima, na mkono wa fundi utakaofunika kopo. Mikono hiyo ikikosekana, nyonyo zitaendelea kudondoka nyuma ya nyumba, na kopo litaendelea kununuliwa kwa fedha za kigeni.